Tumbo kubwa si uchungu: tunayokosea kuhusu samaki wa tangini anapozaa

“Mjomba, gapi wangu anazaa, njoo!” Mtoto wa jirani alinigongea mlango baada ya Isha, nikavuka naye uchochoro hadi kwao. Ndani ya tangi la kioo la sebuleni, jike yule, samaki mdogo wa mapambo, alikuwa juu kabisa ya maji, kinywa wazi, mashavu yanamwenda mbio. Mama wa mtoto alikuwa ameshashika kikombe tayari kumhamisha. Samaki hakuwa anazaa. Alikuwa anakosa hewa, kwa sababu pampu ilichomolewa tangu mchana ili kuchajia simu. Tukairudisha, tukabadilisha robo ya maji, na haikupita saa akashuka chini kuogelea na wenzake. Alizaa kweli siku 9 baadaye, alfajiri, na hakuna aliyemwona akianza.

Mambo kama haya nayakuta mara nyingi hapa mtaani Ng'ambo, mjini Unguja, na yananiuma, kwa sababu samaki wengi wanaokufa wakati wa kuzaa hawauliwi na uzazi. Wanauliwa na mikono yetu iliyoharakisha kusaidia.

“Samaki hazai, hutaga.”

Mvuvi hawezi kukwambia hivyo. Mara ngapi papa au taa jike hupasuliwa mnadani akakutwa na watoto waliokamilika tumboni? Silikanti, samaki wa kale aliyevuliwa Nungwi mwaka 2007, naye huzaa: mwaka 1975 wataalamu wa jumba la makumbusho mjini New York walimpasua jike mmoja wakamkuta na watoto 5. Gapi na wenzake wa tangini, moli, plati na mkia-upanga, wamo katika kundi la wanaozaa. Mayai yao hubaki ndani ya mama, kifaranga hukua humo, na siku ya kutoka anatoka akiwa na macho, mapezi na uwezo wa kuogelea.

“Hana dume, basi hana mimba.”

Jike wa samaki hawa huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi kadhaa, na kwa kupandwa mara moja tu anaweza kuzaa mizao kadhaa. Aliyewekwa na madume dukani huja kwako tayari na mzigo wake. Kutofautisha ni rahisi ukitazama pezi la chini, nyuma ya tumbo: la dume limekuwa jembamba kama kijiti, la jike limetanuka kama upepeo.

“Tumbo limejaa na doa limekuwa jeusi, leo leo anazaa.”

Hapa ndipo wengi tunapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Doa lile karibu na njia ya haja majike wengi wanalo hata wakiwa hawana mimba. Mimba inapokua, doa hupanuka na kukoza, akishazaa hufifia. Ni alama ya kufuatilia kwa wiki, haikupi saa. Kwa moli mweusi hulioni kabisa, na kwa gapi wa rangi ya dhahabu huwa la chungwa au jekundu. Kwa baadhi ya gapi wenye ngozi nyepesi, siku za mwisho, ukimulika vizuri unaona nukta nyeusi ndogo ndogo ndani ya doa. Ni macho ya watoto. Mara ya kwanza nilipoyaona nilimwita kila mtu nyumbani.

Tumbo nalo lina mengi ya kudanganya. Aliyeshiba kupita kiasi huvimba. Mgonjwa aliyejaa maji mwilini huvimba pia, na huyo mtambue mapema: mtazame kwa juu, utaona magamba yamesimama kama ganda la nanasi. Mwenye mimba magamba yake yamelala. Tumbo la mimba hukua taratibu, na likikaribia mwisho huacha umbo la yai, likawa na pembe kama kisanduku, hasa ukimtazama kwa mbele.

Dawa ya kubahatisha ni kalenda. Andika tarehe aliyozaa mara ya mwisho. Gapi hurudia baada ya siku 21 hadi 30 hivi, plati na mkia-upanga kama wiki 4, moli huenda zaidi ya hapo, wiki 6 au hata kupita. Joto lina mkono wake: wakati wa kaskazi, maji yakichemka sebuleni, siku hupungua, wakati wa kusi zinarefuka.

“Akihema kwa nguvu ni uchungu.”

Kuhema peke yake hakutoshi. Umeme ulipokatika Unguja kwa miezi kama mitatu, kuanzia Desemba 2009, pampu zote zilikuwa kimya na ndani ya tangi langu samaki wote walipanda juu kuvuta hewa, madume kwa majike. Ndiyo tofauti ya kushika: wakihema wote, tatizo ni maji. Akijitenga mmoja, mtazame huyo.

Na akijitenga, tafuta dalili zinazokuja pamoja. Anaacha kula, hata chakula anachokipenda. Anajificha nyuma ya chujio au kwenye kona ya chini, na dume akimsogelea anamfukuza. Anasimama pahala pamoja, mkia umeinama kidogo. Kisha mwili unamtetemeka, anajikunja, anatulia, anajikunja tena. Ukifikia kuona hivyo, vuta kiti ukae.

Kifaranga hutoka amejikunja, pengine kwa mkia, pengine kwa kichwa. Huzama kidogo, hujinyoosha, kisha hukimbilia kujificha. Mwengine hufuata baada ya dakika chache. Kazi nzima huchukua saa kadhaa, na wapo wanaopumzika katikati wakamalizia kesho yake. Kwa hiyo kumwona ametulia baada ya watoto 10 hakumaanishi kwamba amekwama.

“Akichelewa, mbinye tumbo.”

Usithubutu. Kumbinya ni kumpasua ndani. Hata kumhamisha kwenye kikombe au kisanduku cha kuzalia dakika za mwisho kunamtia hofu, na jike mwenye hofu huweza kutoa watoto kabla ya wakati, kiini cha yai bado kinaning'inia tumboni mwao. Wengi wa hao hawaishi. Kama unataka kumtenga, mtenge siku kadhaa kabla, kwa maji ya tangi lile lile. Mimi siku hizi simtengi. Natumbukiza majani mengi ya majini upande mmoja, au nafunga bonge la uzi wa kufumia wa plastiki, nikalisuuza vizuri, likaelea. Vifaranga hukimbilia humo.

Wanahitaji pa kukimbilia kwa sababu mama huwala, na wenzake huwala pia. Watu humwita mama mbaya, lakini samaki hawa hawana malezi. Kwake kitu kidogo kinachopita mbele ya kinywa ni chakula.

“Ni samaki, mtie maji ya bahari azae salama.”

Gapi asili yake ni maji yasiyo na chumvi ya Trinidad, Venezuela na jirani zake. Moli huweza kuzoeshwa chumvi, lakini pole pole kwa siku nyingi. Ndoo ya maji ya Forodhani kwa ghafla itawaua. Maji ya visima vyetu vingi vya Unguja, yenye chokaa ya mawe ya matumbawe, yanawafaa hawa vizuri tu. Yakiwa ya bomba na yametiwa klorini, yaache ndooni usiku kucha kwanza.

Akishamaliza, tumbo linabonyea na anaanza kutafuta chakula. Mpe kidogo. Vifaranga wasagie chakula cha wakubwa kiwe unga, kidogo kidogo mara 3 au 4 kwa siku, maana kinachobaki kinaoza na kuharibu maji. Na kama siku imepita anajikunja bila kutoa kitu, hataki kula, amelala chini, basi usimguse: badilisha robo ya maji kwa maji yenye joto lile lile, hakikisha pampu inafanya kazi, funika nusu ya tangi kwa kanga awe gizani, uwaondoe watoto mbele ya kioo.

Mtoto wa jirani sasa ana daftari la skuli lenye tarehe tu. Wiki iliyopita alinigongea tena, akaninong'oneza mlangoni kwamba jike hajala tangu asubuhi na yuko nyuma ya chujio peke yake. Tulikaa sakafuni bila kuwasha taa kubwa, tukahesabu hadi 23.