Misingi ya Kibudha katika Uendeshaji wa Shule: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli

Ukitaja mbele ya walimu wa Nairobi kwamba misingi ya Kibudha inaweza kumsaidia mwalimu mkuu kuendesha shule yenye furaha, swali la kwanza utakaloulizwa ni iwapo unataka kuwabadilisha watoto dini. Hofu hiyo ina sababu zake, kwa kuwa shule zetu nyingi zilianzishwa na makanisa, na mzazi ana haki ya kujua mwanawe anafundishwa nini. Hata hivyo, Ibara ya 32 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inamkinga kila mtu asilazimishwe kufuata imani au kushiriki ibada isiyo yake, na kinachozungumziwa hapa si ibada bali ni mwenendo wa wanaoongoza. Wabudha hutaja hali nne za moyo zinazopaswa kulelewa: upendo usiobagua, huruma, kufurahia mafanikio ya mwingine, na utulivu wa moyo usioyumbishwa na sifa wala lawama. Aliyelelewa na nyanya yake hataona ugeni katika mbili za kwanza.

Hiyo ya tatu, inayoitwa mudita, ndiyo adimu katika vyumba vya walimu. Kiswahili kina husuda, kijicho na wivu, lakini kinyume chake hatuna budi kukieleza kwa maneno mengi. Matokeo ya mtihani yakitoka na darasa la mwenzetu likaongoza kwa hisabati, tunapiga makofi, kisha kabla chai haijapoa mtu ananong'ona kwamba alipewa watoto werevu. Mwalimu mkuu anayesoma wastani wa kila mwalimu mbele ya wenzake, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho, huyapalilia manung'uniko hayo bila kujua.

Wengine hudhani kwamba jambo lote ni kuwaketisha wanafunzi, kuwafumbisha macho na kuwafundisha kupumua polepole. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Uingereza, ambao matokeo yake yalitolewa 2022, ulihusisha shule 85 na zaidi ya wanafunzi 8,000 waliokuwa na umri wa miaka 11 hadi 14. Ilibainika kwamba mafunzo ya utulivu wa akili waliyopewa darasani hayakuwaletea afya bora ya akili kuliko masomo ya kawaida ya stadi za maisha, na wengi wao hawakuyafanyia mazoezi nyumbani. Waliopata nafuu, walau kwa muda, ni walimu, ambao uchovu wao wa kazi ulipungua. Mimi nayasoma matokeo hayo kama onyo kwa anayetaka kuanza na mtoto na kumwacha mkubwa alivyo.

Dhana iliyokita mizizi zaidi ni kwamba huruma huua nidhamu. Maandiko ya Kibudha yanasimulia jinsi Budha, mwanzilishi wa dini hiyo, alivyomfundisha mwanawe Rahula, aliyekuwa bado kijana, ubaya wa kusema uongo. Alibakiza maji kidogo katika chombo alichonawia miguu, akamwonyesha, akayamwaga, kisha akakipindua chombo, na kila mara akamweleza kwamba wema wa mtu asiyeona haya kusema uongo kwa makusudi ni mchache, umemwagwa, umepinduliwa vivyo hivyo. Baadaye akamwagiza ajiulize kabla ya kutenda, wakati wa kutenda na baada ya kutenda iwapo tendo hilo linamdhuru yeye au wengine, na akigundua amekosea, aliungame kosa lake na kujizuia siku za usoni. Hakuna kiboko katika kisa hicho, wala hakuna kudekeza, maana kijana huyo alitakiwa kuyatazama makosa yake bila kisingizio.

Sheria yetu nayo ilikwisha kuamua: adhabu ya viboko iliondolewa shuleni mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikaifanya kuwa kosa. Sisi tuliokuwa kazini tulibuni mbadala usiotofautiana sana na kiboko. Nilipokuwa mwalimu wa zamu katika shule moja ya Eastlands, niliwapigisha magoti kwenye kokoto wanafunzi waliochelewa. Asubuhi moja nilimuuliza mvulana wa kidato cha pili, aliyekuwa na matope hadi kwenye soksi, kilichomchelewesha. Alieleza kwamba mama yake huondoka saa kumi alfajiri kwenda Gikomba kuchukua mitumba, naye humpeleka mdogo wake chekechea, ambayo haifunguliwi kabla ya saa moja. Tulikubaliana afidie dakika alizokosa wakati wa chakula cha mchana, na alizifidia, ingawa alichelewa tena mara mbili bila sababu na nikamwambia hivyo waziwazi.

Wapo pia wanaotaja Bhutan, nchi ya Kibudha iliyoko Asia, kana kwamba ilitupa mitihani ili watoto wacheke. Ni kweli kwamba mfalme Jigme Singye Wangchuck alilianzisha wazo la furaha ya taifa katika miaka ya 1970, na katiba ya 2008 ikalitambua, lakini elimu ni mojawapo tu ya nyanja tisa zinazotumiwa kuipima furaha hiyo, na wanafunzi wa huko wanaendelea kufanya mitihani ya kitaifa.

Utulivu wa moyo, ile hali ya nne, hudhaniwa kuwa ni kutojali. Watawa wa Kibudha, miezi mitatu ya kukaa mahali pamoja wakati wa mvua inapomalizika, huketi pamoja na kila mmoja huwaomba wenzake wamtajie makosa waliyoyaona, kuyasikia au kuyashuku kwake, na anayeanza kuomba ni mkubwa wao. Asiyejali hawezi kuomba hivyo. Mkuu mmoja niliyefanya kazi chini yake, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, aliuiga utaratibu huo mwisho wa muhula. Mara ya kwanza tulitazamana tu. Muhula uliofuata mwalimu wa Kemia alisimama akasema kwamba mikutano ya Ijumaa jioni humalizika nauli ya matatu ikiwa imeshapanda maradufu. Mkuu aliandika jambo hilo katika daftari lake, akauliza kama kuna jingine, na mikutano ikahamishiwa Jumatano saa saba mchana.