Kifundo cha bandia: yanayosemwa mtaani na yanayotokea mguuni

"Hiyo ni baridi ya Moshi." Ndilo la kwanza unaloambiwa ukianza kuchechemea, na jina lenyewe, baridi yabisi, linachochea. Lakini kifundo cha mguu si kama goti au nyonga. Mara nyingi kinachosagika ni kile kilichowahi kuumia: ulianguka na bodaboda miaka 15 iliyopita, mfupa ukaunga vibaya, au uliteguka mara kwa mara ukaishia kukandwa maji ya chumvi. Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, ikilika, mfupa unasugua mfupa. Supu ya kongoro haiirudishi. (Wewe kunywa tu, ni tamu.)

"Ukibadilishiwa kifundo unarudi ujanani." Hapana. Daktari anakata ncha ya muundi na sehemu ya juu ya mfupa ulio chini yake, anaweka vyuma viwili na plastiki ngumu katikati. Kinachotafutwa ni kuondoa maumivu. Kifundo kilichokakamaa miaka mingi hakitakuwa chepesi ghafla. Kwenda sokoni na kupanda daladala, sawa. Mpira na kuruka kamba, sahau. Uvimbe nao huchelewa. Hata baada ya miezi 6 kiatu kinaweza kubana jioni.

"Kukazwa kifundo ni kufanywa kilema." Hapa naomba tukae kidogo, maana kukaza, yaani kuunganisha mifupa iwe mmoja, kunasingiziwa sana. Mama mmoja wa Marangu alinionyesha kandambili yake, kisigino kimelika upande mmoja tu. "Mwanangu, wakinikaza nitashukaje shambani?" Swali zuri. Mteremko ni mgumu kwa kifundo kilichokazwa, ingawa viungo vingine vya wayo husaidia, na kiatu chenye soli ya mviringo husaidia pia. Uingereza walilinganisha njia hizi mbili kwa wagonjwa 303 wa miaka 50 hadi 85, matokeo yakatoka 2022. Baada ya wiki 52 makundi yote mawili yalitembea na kusimama vizuri zaidi ya mwanzo, na tofauti kati yao haikutosha kumtangaza mshindi. Matatizo ndiyo yalitofautiana: waliobadilishiwa walipata zaidi vidonda vinavyochelewa kupona na mishipa ya fahamu kuguswa; kwa baadhi ya waliokazwa, mifupa ilikataa kuunga.

Mvutaji sigara asimfiche daktari. Mwenye sukari ambaye nyayo zimekufa ganzi kwa kawaida hashauriwi kubadilishiwa.

"Chuma hakiishi." Chuma, labda; plastiki inalika, na mfupa unaokishika unaweza kuachia. Baada ya miaka 10, takriban vifundo 8 kati ya 10 huwa bado viko mahali pake. Vingine hurudiwa upasuaji, au mwishowe hukazwa. Ndiyo maana picha za eksirei za ufuatiliaji ni sehemu ya tiba.

Yule mama alivaa kandambili yake, akauliza alichopaswa kuulizwa daktari: "Hizo picha nitapigiwa wapi, na nani atazisoma?"