Mawimbi ya ubongo "kushikana" ukimsikiliza mtu, wanapimaje?

Mtu akikwambia "sangara wameshuka bei leo Kirumba" hizo ni silabi 14, na kwa mwendo wa kawaida zinakuja kama 4 au 5 kwa sekunde. Ubongo wako nao una umeme unaopanda na kushuka, Hans Berger ndo alianza kuurekodi kwa binadamu huko Ujerumani 1924, na mdundo wake mmoja unaitwa theta, mara 4 mpaka 8 kwa sekunde, yaani unaendana kabisa na spidi ya silabi. Mwingine ni wa haraka, gama, kuanzia mara 30 kwenda juu, huo wengi wanauhusisha na kunasa vipande vidogo vya sauti, ile "b" ya bei usiisikie "m" ya Mei.

Kushikana sasa. Cheki ziwa siku ya upepo pale Kamanga, Mwanza, wimbi kubwa linakuja taratibu na mgongoni limebeba viwimbi, sasa kama viwimbi vinachachamaa kila likifika juu na vinapoa likishuka, basi vimeshikana nalo. Kichwani vivyo hivyo, theta ikifika sehemu fulani ya mzunguko wake gama inapanda nguvu.

Unavalishwa kofia ya elektrodi, vile vidude vya kunasa umeme wa ubongo, unawekewa stori usikilize. Kompyuta inachuja theta kivyake na gama kivyake, inakata mzunguko wa theta vipande, mara nyingi 18 vya digrii 20, halafu inapiga wastani wa nguvu ya gama kwenye kila kipande. Ikiwa sawa kote hamna kitu, ikirundikana upande mmoja ndo yenyewe.

Ila hapo watu wanapigwa sana, maana namba ya huko kurundikana inatoka hata kwenye kelele tupu! Ndo maana wanaisogeza gama makusudi isiendane na theta, wanarudia mara mia kadhaa, kisha wanaangalia kama namba ya kweli inazizidi hizo za kubahatisha. Na usikaze taya, misuli yake inatoa umeme unaofanana na gama.

Halafu ubongo kufuata silabi siyo lazima uwe umeelewa. Utafiti wa Nai Ding na wenzake wa 2016 uliwasikilizisha watu Kichina, silabi 4 kwa sekunde: wasiokijua ubongo wao ulifuata silabi tu, wanaokijua ukaonyesha na midundo ya vifungu na sentensi nzima. Kwa hiyo mgeni asiyejua Kisukuma akisikiliza wamama wanaongea mwaloni theta yake inaweza kufuata vizuri tu na asiambulie neno, ndo maana wapimaji makini wanaweka sauti ileile kwa anayeelewa na asiyeelewa, au wanaicheza kinyumenyume, wanachukua tofauti.