Nidhamu si jina jingine la maadili

Kwenye fomu tunayowajazia wanafunzi wa uuguzi wakimaliza zamu zao za mafunzo wodini kuna mstari ulioandikwa "Maadili". Chini yake, kwa herufi ndogo: kuwahi kazini, usafi wa sare, nywele, heshima kwa wakubwa. Nimeijaza fomu hiyo miaka mingi bila kusema neno. Juzi nikiwa kwenye mahafali, mgeni rasmi akawasifu wahitimu kwa maadili yao kwa sababu waliingia ukumbini kwa mstari ulionyooka, sare zimepigwa pasi. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nimeona niandike.

Kwa kifupi: nidhamu ni kufuata utaratibu uliowekwa, kwa wakati wake na kwa namna yake. Maadili ni kumtendea mtu haki, hata pasipo na utaratibu wala msimamizi. Mwanafunzi wa uuguzi anadaiwa vyote viwili.

Maneno haya mawili tumeyapata kwenye Kiarabu, na asili zake zinaieleza tofauti vizuri kuliko mimi. Nidhamu imetoka kwenye mzizi wa kutunga shanga. Katika Kiarabu cha zamani ni ule uzi wenyewe unaopitishwa kwenye lulu. Ndiyo maana washairi wetu husema kunadhimu, yaani kutunga shairi. Kiswahili nacho kilifika palepale kwa njia yake, kwa kuwa ushanga tunautunga na wimbo tunautunga, kitenzi kimoja. Nidhamu, basi, ni mpangilio, kila shanga mahali pake. Uzi huo siudharau. Ukikatika wodini, zamu ya usiku inaondoka bila kukabidhi, na dawa ya saa sita inatolewa saa nane. Lakini uzi hauulizi kama kilichotungwa ni lulu au plastiki.

Maadili yana ndugu zake: adili, uadilifu, mwadilifu. Mzizi wake ni haki na usawa. Katika Kiarabu kuna neno la mzizi huohuo, idli, linalotaja mzigo wa ubavu mmoja wa ngamia, ule unaolingana uzito na mzigo wa ubavu wa pili. Upande mmoja ukizidi, mnyama anakwenda upogo. Tangu nilipolijua neno hilo, kazi yetu naiona hivyo: ubavu mmoja mgonjwa, ubavu wa pili chati. Kilichoandikwa lazima kilingane na kilicholala kitandani.

Chukua patografu, ile karatasi ya kufuatilia uchungu wa kujifungua. Mapigo ya moyo ya mtoto husikilizwa kila nusu saa, presha ya mama hupimwa kila baada ya saa 4, na kila kipimo huwekewa alama yake. Aliyefanya kazi wodi ya wazazi anajua kwamba zipo patografu zinazojazwa mama akiwa ameshajifungua. Ukizitazama ni nzuri. Mapigo 140, 138, 142, hakuna palipofutwa. Uzi haujakatika popote. Ila hakuna aliyesikiliza tumbo la yule mama, na kama mapigo yalishuka saa kumi alfajiri, karatasi haina habari. Hali kadhalika safu ya upumuaji iliyoandikwa 20, 20, 20 kwa wodi nzima, mwenye nimonia akiwamo. Kudesa kwenye mtihani wa dawa nako ni kosa la ukoo huohuo: alama zinasema unaijua dozi, na wewe huijui. Ndivyo ilivyo pia kitabu cha mazoezi kikiwa na saini ya mkufunzi kwenye kazi ambayo mwanafunzi hajawahi kuigusa, na hapo hata aliyesaini ana deni lake.

Niliwahi kuwa na wanafunzi wawili katika kundi moja. Mmoja alikuwa mchelewaji, nilimgombeza hadi nikachoka. Usiku mmoja, saa nane, alinijia anatetemeka. "Sista, nimempa mama wa kitanda cha 6 dawa ya presha ya kitanda cha 7." Hakuna aliyemwona. Angenyamaza, mimi nisingejua. Tulimwita daktari, tukamweleza mama mwenyewe, tukampima presha kila robo saa, na alfajiri alikuwa salama. Mwenzake alikuwa wa kwanza kufika kila siku, viatu vinang'aa, na ndiye niliyemkuta anajaza patografu ya mama ambaye tayari ananyonyesha. Fomu zao zilipofika chuoni, chini ya "Maadili" mchelewaji alipata alama za chini na mwenzake za juu. Nilizitia saini zote mbili. Mpaka leo linaniuma.

Kiapo ambacho wahitimu wengi husoma wakiwa wameshika mishumaa kinabeba jina la Florence Nightingale, ingawa hakukiandika yeye. Kilitungwa Detroit, Marekani, mwaka 1893, na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter. Wanaapa kutompa mtu dawa ya kumdhuru kwa kujua, na kutunza siri za mgonjwa na za nyumba yake. Sare haitajwi. Mwanafunzi aliyejipiga picha wodini akiwa nadhifu kuliko wote, akaituma WhatsApp, na nyuma yake anaonekana mama aliyelala bila shuka, hajavunja kanuni yoyote ya mavazi. Kiapo amekivunja.

Wenzangu wakufunzi husema nidhamu ndiyo mlango wa maadili, kwamba anayezoea kuwahi atazoea na kusema kweli. Kwa wengine huwa hivyo, nimeshuhudia. Nadai tu kwamba mlango usiitwe nyumba.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaojaza fomu na mnaoalikwa mahafalini: mwanafunzi akiwahi zamu na sare yake ikawa safi, msifuni, anastahili, na semeni ana nidhamu. Neno maadili lisubiri kidogo, mpaka mtakapokuwa mmeichukua chati yake mkaenda nayo kitandani, mkahesabu pumzi za mgonjwa kwa dakika nzima.