Mkanda Hauna Kosa: Beringi za Puli Kwenye Injini ya Supachaja

"Mwangaluka, fundi. Huu ni mkanda wa tatu na bado linalia."

Mteja alikuwa ametoka Sengerema asubuhi, amepita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, na Range Rover yake ya V8 lita 4.2 niliisikia hata kabla haijakata kona ya kuingia kwetu Nyakato, Mwanza. Sauti yenyewe haikuwa ule mlio mkali wa mkanda unaoteleza. Ilikuwa inavuma kama mashine ya kusaga iliyoishiwa mahindi, na ukikanyaga mafuta inapanda nayo. Huko alikopita walimbadilishia mkanda mara mbili, na mmoja akapulizia dawa ya kutu kwenye puli. Sauti ikatulia siku mbili, kisha ikarudi na mwenzake.

Tuelewane kwanza. Supachaja ni pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini, na inazungushwa na mkanda unaotoka puli ya krenki, yaani shafti kuu ya injini. Tabo ni tofauti, yenyewe inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Wenye Mercedes mnaiona imeandikwa "Kompressor" nyuma ya gari, ambalo ni jina la Kijerumani la kitu hichohicho. Nimeshawahi kupigiwa simu na mtu akilalamikia "kompresa", nikamwandalia gesi ya AC.

Pampu hiyo ikibanwa inadai nguvu nyingi, kwa hiyo mkanda wake hukazwa kwelikweli. Njiani mkanda unaongozwa na puli ndogo ambazo haziendeshi chochote, kazi yao ni kuuelekeza na kuuweka kwenye mstari. Puli hizo hubeba mzigo wote wa ule mkazo, na kwa sababu ni ndogo zinazunguka mbio kuliko injini. Kwenye gari hili nilipima kwa vania: puli ya krenki milimita 170, puli ndogo milimita 76. Gawanya, unapata 2.24. Injini ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, beringi ya puli ndogo, yaani ringi mbili zenye gololi kati yake ambazo puli inazungukia, iko kwenye 6,700. Ikifika 6,000, beringi inapita 13,400. Hesabu hii iweke kichwani, tutairudia dukani.

Kumtambua mkosaji hakuhitaji mashine. Injini ikiwa inanguruma taratibu, mwagia maji kidogo upande wa mkanda wenye mifereji, mikono na nguo zikiwa mbali. Sauti ikikatika kwa muda, tazama mkanda au puli zilizokaa upande. Isipobadilika, ni beringi. Kisha zima, acha injini ipoe, vua mkanda, washa tena kwa nusu dakika. Gari hili lina mkanda wa supachaja peke yake, hivyo ukiutoa pampu ya maji inaendelea kuzunguka. Kwenye gari lenye mkanda mmoja kwa kila kitu, usizidishe hiyo nusu dakika. Kwetu kimya kilitanda, mteja akacheka.

Sasa hapa ndipo mafundi wengi tunapojidanganya. Mkanda ukishatoka unazungusha puli kwa kidole, inazunguka muda mrefu, laini, unasema "hii nzima". La hasha. Beringi yenye sili (vifuniko vya kuiziba pembeni) na grisi yake ni nzito kidogo: ukiisukuma inazunguka kidogo tu halafu inasimama yenyewe. Ile inayozunguka kama pangaboi, yenye sauti ya ukavu, grisi imeshakwisha. Puli mbili kati ya tatu za gari hili zilikuwa hivyo. Ya tatu ilikuwa nzima, ila ilikuwa ya plastiki na beringi imemiminiwa humohumo. Ya aina hiyo ikifa unanunua puli nzima, hakuna cha kugonga.

Hizo mbili zilikuwa za chuma, mwenye gari wa kwanza alizibadilisha, na ubavuni mwa beringi palisomeka 6203. Hiyo namba ndiyo spea yako, jina la gari weka pembeni. 6 ni beringi ya gololi ya mstari mmoja, 2 ni kundi la ukubwa wake wa nje, 03 ni tundu la milimita 17. Msimbo wa tundu ni hivi: 00 ni milimita 10, 01 ni 12, 02 ni 15, 03 ni 17, na kuanzia 04 unazidisha kwa tano. Kwa nje 6203 ina milimita 40, upana 12. Nilizipata mjini kwenye duka linalouzia watu wa mashine na mota za umeme, na muuzaji hakuuliza hata ni za gari gani. Ila soma ya kwako, usinunue 6203 kwa sababu mimi nimeiandika.

Baada ya namba kuna herufi, na hapa ndipo ile hesabu inapofanya kazi. 2RS ni sili za mpira zinazogusa ringi ya ndani. Zinazuia vumbi vizuri, lakini msuguano wake unaleta joto, na jedwali la SKF, watengenezaji wa beringi, linaipa 6203 ya namna hiyo ukomo wa mizunguko 12,000. Yenye vifuniko vya bati, ZZ, inafika 19,000, lakini vumbi la barabara zetu linapenya. Katikati kuna sili za mpira zisizogusa: NSK wanaziandika VV, NTN wanaziandika LLB. Hizo ndizo chaguo langu, pamoja na C3, yaani nafasi ya ndani iliyoongezwa kidogo kwa ajili ya joto. Siku ile sikuzipata, nikaweka zinazogusa zenye C3. Gari la kwenda Sengerema na kurudi, na kupanda Bugando mara mojamoja, linafika 6,000 lini? Lingekuwa la mashindano ningesubiri mzigo.

Kutoa beringi: ondoa kifuniko cha vumbi na sekilipu (ringi ya kuizuia isitoke) kama ipo, kalisha puli juu ya bomba, sukuma kwa presi au jiliwa. Kurudisha kunataka adabu. Beringi inabana kwenye puli kwa ringi ya nje, basi sukuma ringi ya nje pekee. Ukisukuma ya ndani, nguvu yote inapita kwenye gololi, zinachimba vishimo kwenye njia yake, na beringi mpya inaanza kulia ndani ya wiki. Kisukumio changu ni ringi ya nje ya beringi ya zamani, nimeisaga kidogo isinase.

Nyundo siitaki kabisa. Beringi nailaza usiku kwenye friza ya jirani anayeuza sangara, nimeifunga nailoni mbili, na asubuhi puli inakaa kwenye maji yanayochemka. Tundu la chuma la milimita 40 likipata moto wa nyuzi 75 zaidi linapanuka karibu milimita 0.036, beringi kwa baridi inasinyaa karibu 0.02. Ni kidogo, lakini inatosha kuifanya iingie kwa kusukumwa polepole. Beringi yenyewe usiipashe moto, sili na grisi havipendi. Na ikiwa inaingia kwa kidole bila hayo yote, tundu limelika, tupa puli. Kulipiga senta panchi ili libane ni kumhamishia mwenzako tatizo.

Bolti kaza kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kabla ya kufungua angalia mwelekeo, baadhi ya puli zina nyuzi za kinyume. Mkanda piga picha kabla hujautoa.

Mteja akataka kujua kilichoziua. Nikakata moja kwa grinda: grisi ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, gololi zina madoa ya kutu. Nikamuuliza gari linaoshwa wapi. Kumbe kila Jumamosi, likitoka tu safari, linaoshwa injini kwa mashine ya presha. Beringi ya moto ikipigwa maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kuyavuta maji kupitia sili. Akaichukua ile ringi iliyokatwa, akaifunga kwenye gazeti, akaniambia anampelekea kijana wake wa kuosha magari.