Vituo vya ukaguzi vya seli: ni nini, na saratani hupenyea wapi

Kidonda cha mguu hufunga kwa sababu seli za ukingoni hugawanyika, huziba pengo, kisha huacha. Kuongezeka ni kazi nyepesi kwa seli. Kuacha ndiko kunakohitaji mitambo mingi, na saratani huanzia pale mitambo hiyo inapoharibika.

Seli ya binadamu inayogawanyika haraka maabarani humaliza mzunguko kwa saa 24 hivi. Hukua (hatua ya G1), hunakili kromosomu zake zote 46, yaani vifurushi vya DNA, kwa muda wa saa 8 (S), hujiandaa (G2), kisha hujigawa kwa muda wa saa moja tu (M). Seli nyingi za mtu mzima hazimo kwenye mzunguko huu: za ini, kwa mfano, hutulia mpaka ini lijeruhiwe.

Fundi wa Matondoni, Lamu, hashushi jahazi majini kabla hajapitia kalafati ubao kwa ubao. Seli nayo husimamishwa hivyo kwenye vituo vitatu vya ukaguzi. Kabla ya kunakili DNA: je, DNA ni nzima, na mwili umetoa ishara ya kuongezeka? Kabla ya kujigawa: je, nakala imekamilika? Na katikati ya kujigawa: je, kila kromosomu imeshikwa na nyuzi za pande zote mbili? Ikibaki moja haijashikwa, nyingine zote 45 huingoja.

Seli husukumwa kutoka hatua hadi hatua na protini ziitwazo saiklini, ambazo huwasha vimeng'enya viitwavyo kinasi. Saiklini hujaa kidogo kidogo, kisha hubomolewa ghafla. Tim Hunt aliligundua hilo mwaka 1982, Marekani, kwenye mayai ya yule mnyama wa miiba ambaye jamaa zake huwachoma watu nyayo kwenye miamba ya Malindi maji yakitoka. Mwaka 2001 yeye, Leland Hartwell na Paul Nurse walipewa Tuzo ya Nobel.

Mkaguzi mashuhuri ni protini p53. DNA ikivunjika, p53 hujaa ndani ya seli na kuagiza protini nyingine, p21, izizime kinasi. DNA ikitengenezeka, safari huendelea. Ikishindikana, seli huamriwa ijiue. Karibu nusu ya saratani za binadamu zina jeni ya p53 iliyoharibika. Lakini kasoro moja haitoshi: jeni hiyo ina nakala mbili, na wakaguzi wengine bado wapo. Kasoro hujikusanya miaka na miaka, ndiyo maana saratani nyingi huja uzeeni.

Kuna njia ya jikoni ya kuzikusanya mapema. Mahindi au njugu zikiwekwa na unyevu, kwa joto hili letu la pwani, huota kuvu wanaotoa sumu iitwayo aflatoksini. Ini huigeuza sumu hiyo kuwa kemikali inayonata kwenye DNA, na mara nyingi hupiga palepale: kodoni (kundi la herufi tatu za DNA) ya 249 ya jeni ya p53, herufi G ikawa T. Kupika hakuimalizi. Mahindi yakauke hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5 kabla ya kutiwa guniani. Mwenye virusi vya homa ya ini ya B yumo hatarini zaidi.

Virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa ngono, havina haja ya kuharibu jeni. Protini yao E6 huipeleka p53 ikabomolewe, na E7 huing'oa RB, komeo la kituo cha kwanza. Hata hivyo, kutoka maambukizi hadi saratani ya mlango wa kizazi kwa kawaida hupita miaka 15 hadi 20; kwa mwenye kinga dhaifu, 5 hadi 10. Muda huo ndio hutumiwa na kipimo cha siki: muuguzi hupaka asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, husubiri dakika moja, na penye seli zilizosongamana hugeuka peupe. Hapo pakigandishwa au kuchomwa mapema, saratani haipati nafasi. Chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 10 ilianza Kenya mwaka 2019.

Baadhi ya dawa za saratani hukitumia kituo cha tatu. Vinkristini hutoka kwenye ua la petali tano lenye asili ya Madagaska, linalopandwa mabustanini: huzivunja zile nyuzi, seli ikakwama na kufa. Dozi ya mtu mzima kwa kawaida haizidi miligramu 2 kwa mara moja, tena ya mshipani. Anayechemsha majani yake nyumbani anakunywa sumu asiyojua kiasi chake.