Mama Yake Alikuwa Wapi?

Katika kazi yangu ya ushauri nasaha hapa Mbeya, ndugu wanapomleta mtoto aliyefanyiwa ukatili wa kingono, swali la kwanza ninalolisikia kwa kawaida halimhusu aliyetenda. Huulizwa mama alikuwa wapi. Na mtoto akiwa ameshapevuka kidogo, huulizwa alifuata nini huko na kwa nini hakupiga kelele. Mkosaji huja mwisho, tena katika kauli inayomficha: "mtoto ameharibiwa".

Mwanasaikolojia Melvin Lerner alieleza tangu miaka ya 1960 kwamba binadamu hutamani kuamini kuwa dunia humlipa kila mtu anachostahili, na kwa hiyo akimwona mtu ameumia bila kosa, humtafutia kosa. Jirani anayesema "wangu hatembei hovyo" anajipa usalama. Usalama huo haupo, kwani utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18.

Mama anayetoka alfajiri kwenda kuuza viazi sokoni Mwanjelwa hutupiwa methali ya "mtoto umleavyo", ilhali baba aliyekuwa safarini siku hiyohiyo haulizwi lolote. Jambo hili linaniuma. Uzembe wa mlezi, kama upo, una mahali pake pa kujadiliwa, lakini haupunguzi hata chembe ya kosa la aliyemgusa mtoto.

Kuhusu kelele, hofu huweza kuukausha mwili na sauti hata kwa mtu mzima, na mara nyingi mtoto huwa anamfahamu na kumheshimu anayemtendea. Kisha naye hujilaumu, kwa sababu kuamini kwamba "mimi ndiye mbaya" humwia rahisi kuliko kukubali kwamba mtu anayemtegemea ni hatari. Maswali ya ndugu humthibitishia hivyo, naye hunyamaza. Baadaye ukimya huohuo hugeuzwa ushahidi dhidi yake.

Kwa hiyo, mtoto akiwa chumba kingine, huwaomba ndugu wanisimulie upya, wakianza na jina la aliyetenda na alichokitenda. Wengi hukwama hapo, hasa pale anayetakiwa kutajwa ndiye anayelipa kodi ya nyumba wanayoishi.